Nini Hasa Kinalinda Moyo: Chumvi, Chupa na Mawazo

Mwaka jana nilikwenda Tanga kumjulia hali shangazi yangu. Baada ya shikamoo na chai ya rangi, akanisogezea kikapu kidogo cha ukili. "Mwanangu, hebu nisomee haya maandishi. Hizi ndizo dawa zangu za moyo." Ndani mlikuwa na chupa nne: mafuta ya samaki, vidonge vya vitunguu saumu, unga wa mlonge, na ya nne iliyoandikwa kwamba husafisha mishipa, bila kusema ina nini. Chini kabisa, imejikunja, palikuwa na pakiti ya amlodipini aliyopewa kliniki. Vidonge thelathini, miezi miwili imepita, na vilivyotoka havikuzidi sita.

"Na hivi, shangazi?"

"Hivyo nameza presha ikipanda."

"Unajuaje kwamba imepanda?"

"Kisogo kinaniuma. Leo hakiumi, niko salama."

Jirani yake ni muuguzi mstaafu, ana mashine ya kupimia. Alimkalisha shangazi kitini dakika tano bila maneno, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono juu ya meza. Mashine ikasoma 172 kwa 98. Kisogo hakikuwa kikiuma hata kidogo.

Kikapu kile kilikuwa kimepangwa kichwa chini miguu juu. Vitu visivyo na ushahidi vilikuwa juu, vimenunuliwa kwa fedha nyingi na kumezwa kwa uaminifu kila siku. Dawa yenye ushahidi ilikuwa chini, inasubiri maumivu ya kisogo. Na kitu ambacho huenda ndicho kilichompandishia presha miaka yote hiyo hakikuwamo kikapuni kabisa. Kilikuwa jikoni, kwenye kopo la chumvi.

Magonjwa ya moyo na mishipa ndiyo yanayoongoza kwa kuua duniani. Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 17.9 mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa hiyo tuache kuyaita magonjwa ya matajiri. Shirika hilohilo lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa sababu presha kwa kawaida haiumi. Inazisukuma kuta za mishipa usiku na mchana, zinakakamaa. Moyo nao, kwa kusukuma dhidi ya mishipa migumu, unanenepa misuli kama mtu anayebeba mizigo, kisha unachoka. Figo zinaharibika taratibu. Wengi hupata dalili ya kwanza siku ya kiharusi.

Ukiuliza mitaani presha inaletwa na nini, jibu litakuwa moja: mawazo. Mtu kafiwa, kadaiwa, katelekezwa, presha ikapanda. Madaktari wengi hulisikia jibu hilo kwa subira ya mtu anayengoja zamu yake ya kusema. Mimi naona lina ukweli ndani yake, na uthibitisho wake mzuri ulipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki.

Katika miaka ya 1980, Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi. Kijijini kwao presha ya juu ilikuwa nadra. Watafiti waliwapima wahamiaji hao mara kwa mara tangu walipoingia mjini, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, na mwaka 1990 wakachapisha matokeo. Presha ya waliohamia ilipanda, na haikuchukua muda mrefu kupanda. Uzito uliongezeka. Mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, maana mjini walikuwa wameacha mlo wa shambani. Na mapigo yao ya moyo yalikwenda mbio kuliko ya waliobaki, ishara kwamba mishipa ya fahamu inayouchochea mwili wakati wa hofu na haraka ilikuwa kazini muda mwingi.

Huo ndio utafiti ambao ningependa kila mtu anayezungumzia presha katika ukanda huu aufahamu. Damu ni ileile, kabila lilelile, vijana walewale. Kilichobadilika ni sahani, chumvi na mazingira ya kuishi. Tena vilibadilika kwa pamoja, ndiyo maana anayetaka kuchagua kimoja, ama chakula tu ama mawazo tu, hukosa nusu ya habari. Watafiti wengine waliowafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, katika matokeo yaliyotoka mwaka 2010, walikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja tu wahamiaji waliongezeka uzito kwa zaidi ya kilo mbili, huku kazi za kutoa jasho zikipungua sana. Jembe limebadilishwa na benchi la duka, na njia ya shambani imebadilishwa na daladala.

Kuna mfano mwingine, wa kufurahisha zaidi. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa, kusini mwa Tanzania. Watafiti kutoka Italia, wakiongozwa na Paolo Pauletto, waliwalinganisha zaidi ya watu elfu moja wa asili moja: walioishi kando ya Ziwa Nyasa, waliokula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku, na walioishi milimani, ambao chakula chao karibu chote kilitokana na mimea. Wala samaki walikuwa na presha ya chini zaidi na lehemu (kolesteroli) nafuu zaidi kwenye damu. Wale wa milimani nao hawakuwa wakila vibaya. Hawakuwa na chipsi wala soda. Samaki waliongeza kitu juu ya mlo ambao tayari ulikuwa mzuri.

Nao Wamaasai? Hutajwa kila mara na watetezi wa nyama na maziwa. George Mann wa Marekani aliwapima Wamaasai wa Tanganyika, na mwaka 1964 akaripoti kwamba lehemu yao ilikuwa chini pamoja na maziwa yote yale. Lakini mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa mioyo ya Wamaasai 50 waliofariki, na humo mishipa ilikuwa na mafuta yaliyoganda. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa hiyo ilikuwa imetanuka, damu ikapita, na Mann aliona kwamba utembeaji wao wa kutwa ulikuwa na mchango. Anayekula nyama kama Mmaasai na kushinda kitini kama karani asijifariji kwa mfano huo.

Turudi kwenye chumvi, kwa sababu hapo ndipo fedha ndogo inapofanya kazi kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Binadamu wa kawaida duniani anakula karibu gramu 11. Tatizo la kipimo cha kijiko ni kwamba hakuna anayepika kwa kijiko cha mtu mmoja. Shangazi alipika kwa kiganja: alikunja vidole, akamimina mpaka kisima cha kiganja kikajaa, akatupia chunguni, akaonja, akaongeza. Kwa hiyo nilimpigia hesabu ya pakiti. Nyumba ya watu watano, gramu 5 kila mmoja, ni gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo inapaswa kudumu siku 20. Ikiisha ndani ya wiki moja, kila mtu humo ndani anapata zaidi ya gramu 14 kutoka sufuriani peke yake, na bado hatujahesabu mkate, viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi, na chumvi inayonyunyizwa kwenye chipsi au embe bichi barabarani. Andika tarehe juu ya pakiti siku unapoifungua. Hakuna maabara inayohitajika.

Sisi wa pwani tuna deni la ziada: papa mkavu na ng'onda. Ni vitamu, ni urithi, na vimehifadhiwa kwa chumvi. Kuvirowesha na kumwaga maji mara mbili tatu hupunguza sehemu ya chumvi, na mchuzi wake hauhitaji chumvi nyingine. Ulimi nao huzoea. Kwa wiki chache za mwanzo chakula huonekana kimepooza, kisha kilekile cha zamani kinaanza kuonekana kimezidi. Ndimu, ukwaju, pilipili, tangawizi na kitunguu vilikuwapo majikoni mwetu kabla ya viungo vya pakiti, na vinatosha kuficha upungufu.

Potasiamu ndiyo upande wa pili wa mizani, na husahaulika. Inausaidia mwili kutoa chumvi kwa njia ya mkojo na kulegeza mishipa. Imo kwenye maharage, kunde, ndizi, viazi vitamu, mchicha, matembele, machungwa na dafu. Mpishi anayechemsha mchicha kisha akamwaga maji amemwaga na sehemu ya potasiamu. Ni bora uive kwa maji yake yenyewe. Nguvu ya mlo wa namna hii ilipimwa Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kwa jina la DASH. Watu 459 walipikiwa na kulishwa. Waliokula matunda, mboga na maziwa yasiyo na mafuta mengi kwa wingi, na ambao tayari walikuwa na presha, walishuka kwa zaidi ya pointi 11 kwenye namba ya juu ndani ya wiki nane, bila kupunguziwa chumvi. Huko ni kushuka kwa kiwango cha kidonge. Walipopunguza na chumvi, katika utafiti uliofuata wa mwaka 2001, presha ilishuka zaidi.

Wachina walikwenda mbele. Katika vijiji 600, watu karibu 21,000 ambao wengi walishawahi kupata kiharusi walifuatiliwa kwa takribani miaka mitano. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Vingine viliendelea na chumvi ya kawaida. Matokeo ya mwaka 2021: viharusi vilipungua kwa asilimia 14 na vifo navyo vilipungua. Hawakufundishwa kupika upya, walibadilishiwa kopo tu. Chumvi ya aina hiyo haimfai mwenye ugonjwa wa figo, wala anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, mpaka aongee na daktari. Lakini ningependa kuiona madukani kwetu kwa bei ambayo mama ntilie anaweza kuimudu. Hilo ni jukumu la wenye viwanda na la serikali, halimalizwi na mahubiri kwa mpishi.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Mafuta ya alizeti ya Singida ni bora kwa moyo kuliko mafuta ya kuganda, mradi yasirudiwe kukaangia mpaka yakawa meusi. Tui la nazi lina mafuta mengi ya aina inayopandisha lehemu, kwa hiyo wali wa nazi na kisamvu vipikwe kwa tui jepesi na visiwe vya kila siku kwa mwenye tatizo hilo. Kuvikataza kabisa sioni sababu. Karanga na korosho zisizo na chumvi ni chakula cha moyo. Dona kuliko sembe. Vibua na dagaa, ambao watu huwadharau kwa kuwa ni wa bei nafuu, wana mafuta yaleyale ya omega-3 yanayouzwa kwenye chupa.

Na sasa chupa zenyewe. Wazo la virutubisho vya moyo lilizaliwa na jambo la kweli: watu wanaokula samaki na mboga huugua moyo mara chache. Kosa lilikuja pale mtu alipodhani kwamba akikamua kitu kimoja kutoka kwenye samaki au karoti na kukitia kwenye kidonge, amekamua na faida. Majaribio makubwa yamefanywa, watu wakigawanywa kwa kura, nusu wakipewa kidonge chenye kitu na nusu kidonge kitupu. Vitamini E ilijaribiwa katika utafiti wa HOPE, uliotoka mwaka 2000, haikusaidia. Betakarotini, rangi ya karoti, iliwaongezea wavutaji sigara saratani ya mapafu, na jaribio moja Marekani likalazimika kusimamishwa mwaka 1996. Mafuta ya samaki na vitamini D vilijaribiwa kwa watu 25,871 katika utafiti wa VITAL wa mwaka 2018: hakuna kilichopunguza kwa dhahiri jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo. Mwaka huohuo utafiti wa ASCEND uliwapa mafuta ya samaki wagonjwa wa kisukari zaidi ya 15,000, jibu likawa hilohilo. Ipo dawa ya hospitali iliyosafishwa kutokana na omega-3, inayotolewa kwa dozi kubwa na kwa wagonjwa maalumu, nazo dozi kubwa za omega-3 zimeonekana kuongeza hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo. Dawa hiyo siyo iliyokuwa kikapuni kwa shangazi.

Mwaka 2022 madaktari wa Cleveland Clinic walifanya jaribio ambalo ni kama liliandaliwa kwa ajili yake. Walichukua virutubisho sita vinavyouzwa kwa sifa ya kushusha lehemu: mafuta ya samaki, vitunguu saumu, mdalasini, manjano, viini vya mimea viitwavyo steroli, na mchele mwekundu uliochachushwa. Wakavishindanisha na dozi ndogo ya rosuvastatini, dawa ya hospitali ya kushusha lehemu, na kidonge kitupu kwa siku 28. Rosuvastatini ilishusha lehemu mbaya kwa zaidi ya theluthi moja. Hakuna hata kimoja kati ya virutubisho sita kilichokizidi kidonge kitupu. Utafiti huo ulikuwa mdogo na mfupi, na haukupima mishtuko ya moyo, lakini lehemu ndiyo ahadi iliyoandikwa kwenye chupa, na ahadi haikutimia.

Sisemi kwamba kila kitu cha mimea ni bure. Rozela, ambayo wengine huiita choya, ilijaribiwa na Diane McKay wa Chuo Kikuu cha Tufts mwaka 2010 kwa watu 65: vikombe vitatu kwa siku, wiki sita, namba ya juu ilishuka kwa takribani pointi 7. Ni kinywaji kizuri kwa anayekinywa bila sukari, juu ya dawa zake, akiwa amemwambia daktari. Kumwambia daktari ni lazima, kwa sababu vidonge vya vitunguu saumu na mafuta ya samaki vinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na balungi huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa za lehemu mpaka zikazidi kiwango. Kinachoniumiza ni kitu kingine. Shangazi alitoa shilingi elfu sitini kwa chupa nne. Fedha hiyo ilitosha vibua, maharage na matunda ya wiki kadhaa. Aliyemuuzia alimwambia kwamba dawa za hospitali "zinazoesha mwili", na ndiyo maana pakiti ya amlodipini ilikuwa chini. Hapo kirutubisho kinaacha kuwa upotevu wa fedha tu, kinakuwa hatari.

Tuje kwenye mawazo. Mwili ukitishwa hutoa adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, sukari inapanda. Kwa simba aliye mbele yako huo ni msaada. Kwa deni la miezi minane ni sumu. Wajapani walieleza mwaka 1990 hali ambayo moyo, baada ya mshtuko mkubwa wa huzuni au hofu, hulegea ghafla na kuvimba upande mmoja kama mtungi. Wakaiita takotsubo, jina la chungu wanachotegea pweza. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona. Mjini Munich, wakati wa Kombe la Dunia la 2006, siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura za moyo ziliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Wenye moyo mgonjwa miongoni mwa mashabiki wa Simba na Yanga wasilichukulie kama mzaha. Na utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliohusisha watu karibu 30,000 katika nchi 52, uliutaja msongo wa maisha miongoni mwa mambo tisa yaliyoeleza zaidi ya asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa moyo, pamoja na sigara, lehemu, presha, kisukari, kitambi, ukosefu wa matunda na mboga, ukosefu wa mazoezi na namna ya unywaji pombe.

Basi wanaosema "mawazo" hawakukosea. Wanachokosea ni tiba. "Usiwe na mawazo" ni maneno ya upendo, ila hayamlipii mtu kodi ya nyumba. Tena mawazo huuharibu moyo kwa mlango wa nyuma: aliyeelemewa halali, huongeza sigara au pombe, hula chochote, na husahau kidonge. Usingizi wenyewe uliongezwa na Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2022 katika orodha yake ya mambo manane ya msingi ya afya ya moyo. Yanayosaidia ni ya kawaida kabisa: kutembea nusu saa siku nyingi za wiki, simu kuwekwa mbali usiku, kuvuta pumzi polepole, swala au ibada kwa utulivu, kikundi cha kuweka na kukopa kinachopunguza deni lenyewe, na mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Huzuni isiyoisha ni ugonjwa unaotibika, na aliye nayo apelekwe hospitali. Na hakuna hata moja kati ya haya linalochukua nafasi ya kidonge kwa mtu ambaye presha yake inasoma 172.

Yapo pia magonjwa ya moyo ambayo chakula hakiyagusi. Mtoto mwenye mafindofindo yasiyotibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi ikaharibu vali za moyo, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam hupokea vijana wa namna hiyo. Kinga yao ni penisilini kwa wakati. Na maumivu ya kifua yanayobana na kwenda begani au tayani, pamoja na jasho baridi na kukosa pumzi, si ya kusubiri rozela wala asubuhi.

Kwa aliye na miaka thelathini na kuendelea, nina ombi moja: kabla hujanunua chupa yoyote ya moyo, pima presha, uandike namba zote mbili na tarehe. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine upimwe tena, kisha nenda kliniki ukiwa na karatasi hiyo.

Shangazi siku hizi anakunywa rozela. Kopo la chumvi sasa lina kijiko ndani, na pakiti ina tarehe. Vidonge ameviweka kwenye mkeka wake wa kuswalia, anameza kimoja kila siku baada ya Magharibi, kisogo kiume kisiume. Mwezi uliopita jirani yake alimpima: 136 kwa 84.